Tom Mboya: Mluo aliyebebwa na kura za Wakikuyu Nairobi

Makanga anaita Tom Mboya, abiria wanashuka, maisha yanaendelea. Wengi wanaopita barabara hiyo katikati ya jiji la Nairobi wanajua tu kwamba ni jina la mwanasiasa fulani wa zamani aliyepigwa risasi.

Lakini kabla ya kuwa jina la barabara, Mboya alikuwa mwakilishi wa jiji hili kwa miaka 12, kuanzia 1957 hadi 1969. Na namna alivyopata kura zake ni kisa kinachoharibu hesabu za wengi wanaoamini kwamba Nairobi hupiga kura kwa kabila tu, na haijawahi kupiga vinginevyo.

Mboya alikuwa Mluo. Ushindi wake mkubwa kuliko wote aliupata mahali ambapo wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, tena dhidi ya mpinzani Mkikuyu.

Mtoto wa shamba la mkonge

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria, lakini baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge la mzungu.

Kwa hiyo mtoto huyu wa Kiluo alikulia miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akasoma shule za misheni ya Kikatoliki Ukambani, Yala na Mang'u. Lugha za majirani zake alizijua mapema. Wakati huo hakuna aliyedhani hilo lingekuwa silaha ya siasa.

Pesa za kuendelea na masomo hazikuwepo. Mwaka 1948 akaingia chuo cha wakaguzi wa afya kule Kabete, kilichowalipa wanafunzi posho kidogo wakiwa masomoni. Baada ya kuhitimu, akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi.

Hapo ndipo alipokutana na Nairobi yenyewe.

Jiji lililogawanywa kwa rangi

Nairobi ya wakati huo ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu waliishi upande wa magharibi, kwenye miinuko na miti. Wahindi walikuwa Ngara, Parklands na Eastleigh. Waafrika walisukumwa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Bahati.

Mboya alilipwa karibu moja ya tano ya mshahara wa mkaguzi mzungu aliyefanya kazi ileile. Kisa kimoja alikisimulia mwenyewe baadaye. Siku moja akiwa peke yake kazini, mwanamke mzungu aliingia na maziwa ya kupimwa, akatazama huku na kule, kisha akauliza kama hakuna mtu pale. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Hakukimbilia msituni wala hakujiuzulu kwa hasira. Aliingia kwenye chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji, akakigeuza kuwa chama kamili cha kutetea haki za wafanyakazi. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, akiwa na miaka 23 tu.

Operesheni iliyobadilisha mitaa

Ili uelewe kura za Nairobi, lazima uelewe tarehe moja: 24 Aprili 1954.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku. Alfajiri ya siku hiyo, wanajeshi na polisi walizingira mitaa ya Waafrika katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani, wakachujwa mmoja mmoja, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kizuizini au wakarudishwa kwa nguvu mashambani.

Kazi zao na vyumba vyao vikachukuliwa na wengine, hasa Waluo, Waluhya na Wakamba. Jiji likabadilika sura kwa muda mfupi sana.

Shirikisho la wafanyakazi ndilo lililobaki kama sauti ya Waafrika iliyoruhusiwa kisheria. Mboya akalitumia kupinga kufukuzwa kwa watu na kizuizi bila kesi. Mwaka 1955 akasuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, na nyongeza ya mishahara waliyoipata ikamfanya ajulikane nchi nzima. Kisha akaenda Uingereza kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford.

1957: Ushindi wenye dosari

Machi 1957, kwa mara ya kwanza, Waafrika wa Kenya walipiga kura kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima, na Nairobi ilikuwa na kimoja.

Sheria zenyewe zilikuwa za ajabu. Mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kulingana na elimu, kipato, mali au utumishi wake. Asiye na sifa hizo hakupata hata moja. Zaidi ya hayo, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa mpaka awe na cheti cha kuthibitisha kwamba ni mtiifu kwa serikali.

Kwa maneno mengine, jamii iliyokuwa kubwa zaidi Nairobi kabla ya Anvil ilifungiwa nje ya kura.

Mpinzani mkuu wa Mboya alikuwa C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili Mluo mwenzake aliyejijengea jina kwa kutetea washukiwa wa Mau Mau mahakamani. Mboya alishinda kwa kura mia chache tu.

Wapinzani wake hawakuliacha lipite. Walisema amepanda ngazi wakati wenye nyumba wamefungwa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na Mboya aliijua. Swali likawa: je, Wakikuyu wakirudi Nairobi na kupata kura, bado atakuwepo?

Chama cha jiji moja

Serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya wilaya tu, si vya nchi nzima. Mboya akaunda chake cha Nairobi, Nairobi People's Convention Party.

Kilikuwa chama cha mitaa. Kulikuwa na matawi, mikutano ya mara kwa mara na michango midogo midogo ya wanachama. Na kilidai jambo ambalo wanasiasa wengi waliliogopa: Jomo Kenyatta na wafungwa wenzake waachiliwe. Mwaka 1959 viongozi kadhaa wa chama hicho walikamatwa.

Huko nje nyota yake ilizidi kung'aa. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa mataifa na vyama vya Afrika mjini Accra, Ghana. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Walitoka jamii mbalimbali, wakiwemo Wakikuyu wengi. Kwa familia za Eastlands, hilo halikuwa jambo dogo.

1961: Jibu la wapiga kura

Baada ya mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1960, haki ya kupiga kura ilipanuliwa. Wakikuyu walikuwa wamerudi jijini, na safari hii wakaandikishwa.

Mboya, wakati huo katibu mkuu wa KANU, aligombea kiti cha Nairobi Mashariki. Baadhi ya vigogo wa chama chake walitamani aanguke. Mpinzani wake alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, daktari msomi Mkikuyu ambaye miaka ya baadaye angekuwa waziri wa mambo ya nje. Kwa hesabu ya kabila, kazi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Mambo yakawa kinyume kabisa. Mboya alipata karibu kura tisa katika kila kumi. Makuli, makarani, mama wa sokoni na waliotoka kizuizini walipanga foleni kumpigia mtu wa Rusinga.

Si kwamba ukabila haukuwepo. Ulikuwepo, na ulitumiwa kwenye kampeni. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Bahati na mwenzake wa Kaloleni walikuwa na shida zilezile: kodi, mshahara, kipande, askari mlangoni. Mboya alikuwa amezibeba shida hizo tangu 1953, wakati kuzisema kulikuwa hatari.

Kamukunji na risasi za Jumamosi

Mwaka 1963 alihamia kiti cha Nairobi ya Kati, ambacho katika orodha za wabunge ndicho kinachohesabiwa kuwa mtangulizi wa eneobunge la Kamukunji la leo. Alikuwa waziri wa katiba na sheria, kisha waziri wa mipango ya uchumi.

Si kila alichofanya kilipendeza. Mwaka 1966, katika mkutano wa KANU mjini Limuru, alikuwa mstari wa mbele kupanga mbinu zilizomng'oa Jaramogi Oginga Odinga kwenye nafasi ya makamu. Waluo wengi hawakumsamehe haraka. Upande wa pili, waliomzunguka Kenyatta walianza kumwona kama tishio. Mwaka 1968 kulikuwa na pendekezo kwamba rais awe na umri wa miaka 40 au zaidi. Mboya alikuwa na 37. Mwishowe umri uliwekwa 35.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa katika Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini swali la nani alimtuma halijafungwa hadi leo.

Kwenye ibada ya wafu katika Kanisa la Holy Family, msafara wa Rais Kenyatta ulirushiwa mawe. Mitaa iliyompigia Mboya kura pamoja ikaanza kutazamana kwa jicho baya. Miezi michache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini. Mluo na Mkikuyu wa mtaa mmoja hawakurudi tena kwenye foleni ya 1961.

Kamukunji ya leo

Eneobunge hilo sasa lina wadi tano: Pumwani, Eastleigh Kaskazini, Eastleigh Kusini, Airbase na California. Wasomali wenye biashara Eastleigh, familia za zamani za Kiislamu za Majengo, wachuuzi wa Gikomba na mafundi wa jua kali, wote wamo. Tangu 2011 mbunge wake amekuwa Yusuf Hassan.

Kila uchaguzi ukikaribia, wanasiasa hukaa chini na karatasi: Wasomali wangapi, Wakikuyu wangapi, Waluo wangapi, Wakamba wangapi. Hesabu hiyo si ya kubuni. Ina mizizi yake katika sajili za wakoloni, zilizoamua nani ahesabiwe na nani aachwe nje.

Mwaka 1961 wapiga kura wa Eastlands walipewa hesabu hiyohiyo, wakaikataa. Walishaweza mara moja.