Apolo Kagwa: Katikiro aliyebadili matabaka ya Buganda

Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda kwa zaidi ya miaka 35, alizaliwa katika miaka ya 1860 katika ukoo wa Nsenene. Kijana huyo aliingia katika jumba la Kabaka kama mtumishi.

Katika Buganda ya wakati huo, chini ya Kabaka walikuwapo machifu, kisha bakopi, yaani watu wa kawaida. Hata hivyo, matabaka hayo yalikuwa na milango. Mtoto wa mkopi aliyehudumu vema ikuluni aliweza kupewa uchifu, na chifu aliyemchukiza Kabaka alipoteza cheo pamoja na ardhi yake. Mkulima aliyeonewa naye aliweza kumhama chifu wake na kumtumikia mwingine. Kando ya mfumo huo walikuwapo bataka, wakuu wa koo, waliolinda ardhi walimozikwa mababu zao.

Kagwa alinusurika mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowaua Wakristo wengi wa ikulu. Miaka mitatu baadaye, katikati ya vita vya dini, aliteuliwa kuwa Katikiro. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1897, kiti kilirithiwa na mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri wakatawala kwa niaba yake.

Tarehe 10 Machi 1900, watawala hao walitia saini mkataba na mjumbe wa Uingereza, Harry Johnston. Maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa ajili ya machifu na wamiliki binafsi, na kutokana na kipimo hicho ardhi hiyo ikaitwa mailo. Mgawanyo ulisimamiwa na Lukiiko, baraza lililoongozwa na Kagwa mwenyewe. Tangu hapo chifu aliweza kuachishwa kazi na bado akabaki na ardhi, akairithisha au kuiuza. Mkulima aliyelima palepale kwa vizazi akawa mpangaji.

Kagwa alipata heshima nyingi. Mwaka 1902 alisafiri hadi London kwa sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na baadaye Uingereza ikampa cheo cha Sir. Aliandika kwa Kiluganda vitabu kuhusu wafalme, mila na koo za Buganda. Lakini mwandishi huyo wa historia ya koo ndiye aliyelaumiwa na bataka, ambao katika miaka ya 1920 walidai kwamba machifu walijitwalia makaburi ya mababu zao. Pamba nayo ilipostawi, wenye ardhi waliwatoza wapangaji sehemu ya mavuno.

Mwaka 1926, baada ya kuvutana na maofisa wa Uingereza, Kagwa alijiuzulu. Alifariki Nairobi Februari 1927. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya busuulu na envujjo, iliyoweka kikomo cha kodi na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo.

Mfumo wa mailo umebaki, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inautambua. Mivutano kati ya wenye hati na wenye vibanja, mjini Kampala na vijijini, ina mizizi katika mkataba huo. Kagwa alipanda kwa ngazi ya utumishi. Waliomfuata walihitaji kwanza kuzaliwa na mwenye ardhi, au kuwa na fedha za kuinunua.