Lev Landau na Barua ya Mdhamini Wake



Safari hii nimemchagua Lev Landau. Hakuwa Mwislamu wala mtu wa dini, ila maisha yake yana funzo kwetu kuhusu dhamana.

Alizaliwa Baku, Azerbaijan, mwaka 1908, akaingia chuo kikuu cha mji huo akiwa na miaka 14. Mwaka 1937 alihamia Moscow, kwenye taasisi ya Pyotr Kapitsa. Aprili 1938 alikamatwa, baada ya kushiriki kuandaa kikaratasi cha kumpinga Stalin. Zama zile, kumtetea mfungwa wa aina hiyo kulikuwa kuhatarisha shingo yako. Kapitsa alimwandikia Stalin siku ile ile. Mwaka ulipopita, alitia saini barua ya kumdhamini Landau kwa Beria, mkuu wa polisi wa siri. Landau akaachiwa, hali amedhoofika.

Sisi tunaosoma fizikia tunakula matunda ya saini ile. Mwaka 1956 Landau alitoa nadharia inayotuwezesha kuhesabu elektroni zinazosukumana ndani ya metali: kila moja tunaichukua kama chembe huru, ila uzito wake umebadilika kwa sababu ya wenzake.

Nadharia hiyo ina mpaka wake. Kwa kawaida nishati ya elektroni hubadilika pamoja na mwendo wake. Lakini zipo hali ambazo mchoro wa nishati huwa bapa kama meza. Hapo elektroni huwa nzito kupita kiasi, karibu haisogei, na kusukumana ndiko kunakotawala. Mwaka 1990 Khodel na Shaginyan, kutoka nchi ile ile ya Landau, walionyesha kwa hesabu kwamba kusukumana kwenyewe kunaweza kuleta ubapa huo. Mwaka 2018 huko MIT, Marekani, tabaka mbili za grafini zilizopishanishwa kwa digrii 1.1, ambazo nishati yake ni karibu bapa, zilipitisha umeme bila ukinzani katika baridi kali mno.

Landau aliumia vibaya katika ajali ya gari Januari 1962. Tuzo ya Nobel ya mwaka huo, kwa kazi yake juu ya heliamu ya majimaji, ilimkuta hospitalini. Alifariki mwaka 1968.

Ndugu zangu, dini yetu inatuamrisha kumnusuru aliyedhulumiwa. Tukisikia mwenzetu amekamatwa, je, tunaandika jina letu chini ya barua yake, au tunafuta namba yake kwenye simu?

Wabillahi tawfiq.