George Boole: Mtoto wa fundi viatu aliyekuwa profesa bila shahada, mantiki yake iko kwenye simu yako

Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli, na profesa alikuwa na kipindi. Kutoka nyumbani hadi chuoni ni karibu kilomita tano. Alitembea kwa miguu, akafika amelowa chapachapa, akaingia darasani na kufundisha na nguo zake hivyo hivyo. Hakupona. Desemba 8, 1864, George Boole alifariki dunia kwa ugonjwa wa mapafu akiwa na miaka 49.

Hiyo ilikuwa Cork, kusini mwa Ireland. Lakini anayesoma kompyuta Mbeya au Iringa hawezi kulikwepa jina lake. Ni sawa awe Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichoanza 1986 kama chuo cha ufundi, au Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007 kikiwa bado kinaitwa Tumaini. Mapema tu atakutana na majedwali ya ukweli, 0 na 1, na vile vineno vitatu: NA, AU, SI. Wengine hushangaa, wamekuja kujifunza kutengeneza programu, wanapewa somo linalofanana na falsafa.

Kumbe falsafa hiyo wanaitumia kila siku. Ukitaka kutoa hela kwa wakala, mfumo unapima mambo kadhaa: namba ya siri ni sahihi NA salio linatosha NA akaunti SI iliyofungwa. Kila jibu ni 1 au 0. Boole aliona kwamba NA inafanya kazi kama kuzidisha. Zote zikiwa 1, unapata 1, hela inatoka. Ikiingia 0 moja tu, jibu lote ni 0, hata kama salio lako ni mamilioni.

Darasa la saba halikumzuia

Boole alizaliwa Novemba 2, 1815, mji wa Lincoln, Uingereza. Hakuna darasa la saba enzi zile, lakini kwa lugha ya mtaani ndiyo hivyo: elimu yake ya shule iliishia chini kabisa. Baba yake, John, alikuwa fundi viatu ambaye moyo wake ulikuwa kwenye darubini kuliko kwenye viatu. Biashara ilisuasua, mwishowe ikafa.

Kijana alijisomea. Muuza vitabu mmoja pale mjini alimwanzishia Kilatini, Kigiriki akajifundisha mwenyewe. Akiwa na miaka 14 alitafsiri shairi la Kigiriki likachapishwa kwenye gazeti la Lincoln, na mwalimu mmoja akagoma kuamini kwamba mtoto wa umri ule angeweza.

Akiwa na miaka 16 ikabidi atafute kazi, maana wazazi na wadogo zake walimtegemea. Alienda kuwa mwalimu msaidizi Doncaster. Huko ndiko alikohamia kwenye hisabati, na inasimuliwa kwamba sababu mojawapo ilikuwa bajeti: kitabu cha hisabati unakisoma muda mrefu zaidi kabla hakijaisha. Mwenye mfuko mwembamba ataelewa.

Huko huko, akiwa na miaka 17, alikuwa anakatiza shamba kwa miguu pale wazo lilipomjia: kama hisabati inaweza kueleza mwendo wa sayari, kwa nini isieleze namna mtu anavyofikiri? Alikaa na wazo hilo miaka karibu 15.

Shule yake mwenyewe

Miaka 19, akarudi Lincoln na kufungua shule. Mchana anafundisha, usiku anasoma na kuandika makala za hisabati. Alipofikiria kwenda kusoma Cambridge, hesabu hazikukubali. Nani angelisha nyumba? Akaacha. Mwaka 1844 Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza, kilimpa nishani ya dhahabu kwa makala yake moja. Mwalimu wa shule ya mkoani, hana cheti cha chuo, nishani mkononi.

Mwaka 1847 akatoa kitabu kidogo kuhusu mantiki kwa njia ya hisabati. Hapo ndipo lile wazo la shambani lilipopata mwili. Ni rahisi kuliona kwa viazi. Uko soko la Mwanjelwa, una gunia la viazi. Chagua vikubwa, weka pembeni. Sasa kwenye hivyo vikubwa, chagua tena vikubwa. Unabaki na vile vile. Boole aliandika: x mara x ni x. Kwenye hesabu za kawaida jambo hilo linakubali kwa namba mbili tu, 0 na 1. Akazipa maana: 1 ni vyote vilivyopo, 0 ni hakuna kitu. Kwa karibu miaka 2,000 mantiki ilikuwa imefundishwa kwa maneno, kwa mtindo wa Aristotle. Jamaa aliigeuza ikawa kitu cha kukokotoa.

Mwaka 1849 chuo kipya cha Queen's, Cork, kilimwajiri kuwa profesa wake wa kwanza wa hisabati. Bila shahada. Ireland ilikuwa bado inazikana kwa njaa kuu ya miaka ile. Mwaka 1854 alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za fikra. Mwaka 1855 akamwoa Mary Everest, binti wa ndugu yake yule George Everest ambaye mlima mrefu kuliko yote duniani umepewa jina lake. Walipata watoto watano, wote wa kike.

Mashuka ya maji

Inasimuliwa kwamba Boole alipougua baada ya ile mvua, mke wake, aliyeamini kwamba dawa hufanana na kilicholeta ugonjwa, alimfunika kwa mashuka yaliyolowa maji. Iwe ilimmaliza au haikubadili kitu, Mary alibaki mjane na mabinti watano, akiba hakuna. Alihamia London na kupata kazi ya maktaba kwenye chuo cha wanawake.

Aljebra ya marehemu ilibaki mali ya wanahisabati na wanafalsafa wachache. Haikuwasha hata taa moja. Mpaka 1937, kijana wa Marekani, Claude Shannon, aliyeisoma kwenye darasa la falsafa pale Chuo Kikuu cha Michigan, alipoandika tasnifu yake ya uzamili akionyesha kwamba swichi za umeme zinatii sheria zile zile: iliyofungwa ni 0, iliyo wazi ni 1. Kuanzia hapo saketi ziliweza kubuniwa kwa kalamu na karatasi kabla ya kugusa waya.

Binti wa mwisho, Ethel, alikuwa na miezi sita baba yake alipofariki. Alikuja kuwa mwandishi wa riwaya maarufu na kuhamia New York. Alifariki huko mwaka 1960, wakati kompyuta zilikuwa zimeshaanza kazi kwenye maofisi ya jiji hilo hilo.