Tabibu Aliyetegua Fumbo la Ubongo

Kila ilipokaribia siku ya kusikilizwa chuoni, marehemu bibi yangu alinipikia kichwa cha samaki, akanisimamia mpaka nimekimaliza, macho na ubongo pamoja. Aliamini kuwa mafuta ya kichwani mwa samaki hufungua kichwa cha mtu. Nilikuwa na mwenzangu mmoja ambaye hakuhitaji kufunguliwa. Ukurasa wa msahafu aliusoma mara mbili, na mara ya tatu alikuwa ameufunika. Alipofikilia miaka ishirini akaanza kusema peke yake, akaacha kulala, akaacha kula. Watu wakasema ana jini. Akapungwa, akavukizwa, mwisho akafungiwa chumba cha uani. Nasi tuliokula naye sinia moja tukawa twapitia njia nyingine. Alifia humo.

Nimemkumbuka mwenzangu huyo kwa sababu ya mtu wa mbali, ambaye jina lake ni zito mdomoni lakini wanaosomea ubongo wamjua vyema. Naye ni Johann Ludwig Wilhelm Thudichum.

Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1829 katika mji mdogo wa Büdingen, Ujerumani. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa na mwalimu, tena mwanachuoni aliyeifasiri kwa Kijerumani michezo ya Sophocles, mtunzi wa Kiyunani wa kale. Liweke hilo akilini, msomaji, maana litarudi. Kijana akasomea utabibu mjini Giessen, na huko akapita mikononi mwa Justus von Liebig, mkemia aliyevuma Ulaya nzima. Mwaka 1850 akaenda kutibu majeruhi katika vita vya Schleswig-Holstein. Mwaka 1853 akahamia London, na huko ndiko alikoishi mpaka kufa kwake.

Riziki yake aliipata kwa kutibu wagonjwa, lakini moyo wake ulikuwa katika kemia. Serikali ya Uingereza, kwa mkono wa John Simon aliyesimamia mambo ya afya, ilimpa fedha achunguze maradhi makubwa ya zama zile hufanya nini mwilini. Thudichum akaona jambo ambalo wengi walilipita: huwezi kujua ugonjwa umeharibu nini katika ubongo iwapo hujui ubongo mzima umeumbwa kwa nini. Basi akaanzia hapo.

Zaidi ya bongo elfu moja zilipita mikononi mwake, za watu na za ng'ombe. Aliziponda, akaziloweka katika spiriti na itha, akazichuja, akazipasha moto, akaziacha zipoe, akaokota kilichoganda, kisha akaanza tena. Ilikuwa kazi ya asukaye maziwa apate siagi, ila yeye alirudi akaisuka na siagi yenyewe, atafute kilichomo ndani.

Alichokipata ni mafuta, lakini si mafuta ya namna moja. Ukitoa maji, kiasi cha nusu ya ubongo wa mwanadamu ni mafuta, na Thudichum ndiye aliyeyatenga na kuyapa majina ambayo mengine yatumika mpaka leo. Mengine yana fosforasi, mengine yamefungamana na sukari. Moja aliliita sefalini, jingine sfingomielini. Ndani ya baadhi yake akakuta kitu kilichomtatiza kuliko vyote, akakiita sfingosini, kwa jina la Sfinksi, yule mnyama wa hadithi za Kiyunani aliyewategea wapita njia kitendawili na kuwaangamiza walioshindwa kukitegua. Naona hapo vitabu vya babake vilimrudia. Mimi niliyelelewa katika mashairi ya mafumbo sikuweza kuacha kumpenda mtu wa maabara aliyejua kuwa fumbo nalo lastahili jina.

Mwaka 1884 akatoa kitabu kikubwa juu ya kemia ya ubongo. Badala ya shukrani, akapata maadui. Wakubwa wa elimu hiyo walikuwa wameshikilia kuwa ubongo una dutu moja kuu, iitwayo protagoni, iliyotangazwa na Oscar Liebreich mwaka 1865. Thudichum akasema protagoni ni mchanganyiko tu wa vitu vingi. Akabezwa, akatiliwa shaka, na fedha za serikali zikakatika. Yeye akaendelea kwa fedha zake mwenyewe. Na kwa kuwa alipenda pia chakula, mwaka 1895 akatoa kitabu cha upishi.

Lakini neno lake lililonigusa ni jingine. Aliona kuwa kilevi kikiingia mwilini humgeuza mtu maneno, mwendo na tabia, na kila mtu ajua kuwa sababu ni kile alichokunywa. Akawaza kuwa huenda wazimu nao watoka katika sumu zinazozaliwa ndani ya mwili wenyewe, na kwamba siku moja kemia itazijua na kuziondoa. Hakuliona hilo likitimia. Alifariki tarehe 7 Septemba 1901, na jina lake likiwa bado chini ya lawama.

Haki yake ilikuja baada ya kaburi. Protagoni ilianguka, ikabaki kuwa mchanganyiko kama alivyosema. Katika miaka ya 1930 mkemia Ernst Klenk alionyesha kuwa katika ugonjwa mmoja wa kurithi unaoua watoto wadogo, kinachorundikana mwilini ni ile sfingomielini ya Thudichum.

Na mafuta ya chakula je? Mwaka 1929, huko Minnesota, Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wakababuka ngozi, wakadhoofu na kufa mapema. Ikajulikana kuwa yapo mafuta ambayo mwili hauwezi kujiundia. Leo twajua kuwa mafuta yaitwayo omega-3, yaliyo tele katika vibua na dagaa, ni sehemu ya ujenzi wa ubongo na wa jicho. Kwa hiyo bibi hakubuni. Lakini tusivuke mpaka. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Marekani kwa watu wazima zaidi ya 18,000: vidonge vya mafuta ya samaki havikuwakinga na ugonjwa wa huzuni iliyozidi. Chakula hujenga nyumba, lakini nyumba iliyojengwa vyema nayo huweza kushika moto.

Sisi Waislamu twaamini kuwa majini wapo, na sitasema vingine. Lakini malaria ikimpanda mtu kichwani akaweweseka, hatumfungii uani. Twambeba hospitali usiku huo huo. Ubongo ni nyama na mafuta kama viungo vingine, na huugua kama vinavyougua.

Kichwa cha samaki alichonipikia bibi hakikunipa akili ya mwenzangu, wala yeye kisingemponya. Alihitaji tabibu, na alihitaji sisi tuendelee kupita mlangoni kwao.