Antonio de Torres: Seremala Aliyelipa Gitaa Sauti

Umewahi kujiuliza gitaa la nyuzi za nailoni lilipata wapi umbo lake? Wengi wetu tunalicharaza tu, basi. Jibu liko Uhispania, kwa seremala mmoja fukara aliyeitwa Antonio de Torres.

Alizaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Almería. Akiwa na miaka 12 alianza kujifunza useremala. Maisha hayakumhurumia hata kidogo. Alioa mapema, madeni yakamwandama, mabinti wake wawili kati ya watatu wakafa wangali wadogo, na mwaka 1845 kifua kikuu kikamchukua mkewe. Mwingine angekata tamaa kabisa. Torres alikwenda Sevilla, akafungua karakana ya magitaa.

Enzi hizo gitaa lilikuwa dogo na sauti yake nyembamba. Torres alilipanua tumbo. Ubao wa juu akauchonga mwembamba, kisha kwa ndani akaugundisha vijiti saba vilivyotawanyika kama upepeo, ili uwe imara bila kuwa mzito. Hapo ndipo sauti ilipozaliwa! Mwaka 1858 alipata nishani katika maonyesho ya Sevilla.

Mwaka 1862 alifanya kioja. Ili kuonyesha kwamba siri yote iko kwenye ubao wa juu, alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za kadibodi! Ubao wa juu pekee ndio uliokuwa wa mti mzuri. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Lakini sifa hazijazi sufuria. Mnamo 1870 hivi alirudi kwao Almería, akafungua duka la vyombo vya udongo. Hebu fikiria, fundi kama huyo kuuza sahani! Hata hivyo mikono haikutulia. Mwaka 1875 alirudia magitaa, asiache mpaka alipofariki mwaka 1892.

Torres hakuiona nailoni. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa wanyama. Za nailoni zilikuja miaka ya 1940, zikafungwa kwenye umbo lilelile alilolibuni yeye.

Wanachama wenzangu, tukimwona fundi wa mtaani ameinamia randa yake, tusimdharau. Huenda ndiye Torres wetu.