Semei Kakungulu: Jemadari Aliyelikosa Taji

Askari alindaye mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia au Malaba husimama mahali ambapo mwaka 1900 hapakuwa na mpaka wowote. Siku hizo Himaya ya Uganda ilienea upande wa mashariki hadi Naivasha. Ni mwaka 1902 ndipo Waingereza walipoukata mkoa wa mashariki wa Himaya hiyo na kuutia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Katika mwaka huohuo, si mbali na hapo, jemadari mmoja alivuliwa madaraka juu ya nchi aliyoiteka kwa jasho lake mwenyewe. Jina lake ni Semei Kakungulu.

Maisha ya mtu huyu yanastahili kuzingatiwa na kila avaaye sare. Ndani yake mna ushujaa na bidii, mna makosa makubwa pia, na mna swali ambalo kila askari hukutana nalo mapema au baadaye: mtu afanye nini anaponyimwa cheo anachoamini kuwa ni haki yake?

Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1868, akakulia katika ufalme mdogo wa Koki, kusini-magharibi mwa Buganda. Alipofika Buganda akiwa kijana hakuwa mwana wa nyumba kubwa ya huko. Alijulikana kwa uwindaji wa tembo, kazi iliyomfundisha kutumia bunduki, kuvumilia njaa na kuongoza watu porini. Aliingia katika dini ya Kiprotestanti, akajifunza kusoma na kuandika. Vita vya dini vilipoivuruga Buganda katika miaka ya 1888 na 1889, alikuwa miongoni mwa wapiganaji waliomrudisha Kabaka Mwanga kitini. Tangu hapo nyota yake ilipanda. Alioa binti wa nyumba ya kifalme, na hatimaye akapewa cheo cha Kimbugwe, mojawapo ya vyeo vikubwa kabisa katika Buganda.

Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Mkuu wa serikali ya Buganda alikuwa Katikkiro Apolo Kagwa, Mprotestanti kama yeye, hodari kama yeye, na mwenye kupenda madaraka kama yeye. Ugomvi wao ulizidi hata mwaka 1897 Kakungulu akakiacha cheo chake. Hakuingia katika njama za kumpindua mshindani wake. Alitoka, akaenda Bugerere, mpakani mwa Buganda, akatafuta kazi mahali ambapo wengine hawakupenda kwenda. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu mzima: alipoona mlango umefungwa hakuukalia kizingitini akilia.

Mwezi Aprili 1899 majeshi ya Waingereza pamoja na wapiganaji wa Kakungulu yalimkamata Kabaka Mwanga, ambaye alikuwa ameasi, pamoja na Mukama Kabalega wa Bunyoro, katika nchi ya Lango. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Sifa za Kakungulu zikaenea, naye akaendelea kusonga mbele mashariki mwa ziwa Kyoga, katika nchi ambazo Waganda waliziita kwa jumla Bukedi. Alijenga ngome moja baada ya nyingine katika nchi za Wakumam, Waiteso na Wagwere, akafanya makao yake makuu Budaka. Mkono wake ulifika hata Padhola, upande wa Tororo. Kila alipofika aliigawa nchi kwa mtindo wa Buganda, yaani saza na gombolola, akaweka watu wake kuwa wakuu.

Hapa hapana budi kusema kweli yote. Jeshi la Kakungulu halikulipwa mshahara na serikali. Waliomfuata waliishi kwa ng'ombe na mali walizozitwaa kwa wenyeji. Watu wengi walipoteza mifugo yao, na wengine walipoteza maisha wakiyatetea makao yao. Wajukuu wao hawajasahau. Askari aishiye kwa kumnyang'anya raia, hata akiwa shujaa namna gani, huacha nyuma yake chuki ambayo hudumu kuliko ushindi wenyewe. Tena hujitia kitanzi mwenyewe, maana malalamiko hayo ya unyang'anyi wa ng'ombe ndiyo yaliyowapa wakubwa wake sababu ya kumwondoa.

Kakungulu aliamini kwamba Waingereza walikuwa wamemkubali awe Kabaka wa Bukedi. Alijiona mfalme, akatenda kama mfalme. Wakubwa wale walimtumia ili nchi ipatikane kwa gharama ndogo, lakini hawakuwa na nia ya kumvika taji. Mwaka 1902 serikali iliitwaa Budaka, na Kakungulu akabaki mtu asiye na ufalme. Alipewa maili 20 za mraba za ardhi karibu na Mlima Elgon kuwa kifuta machozi.

Hapo ndipo lilipo funzo kubwa la maisha yake. Kakungulu alikuwa na bunduki na watu waliomtii kuliko walivyomtii mtu mwingine yeyote. Angeweza kuasi na kumwaga damu. Hakufanya hivyo. Aliwachukua wafuasi wake, akaenda kwenye ardhi ile aliyopewa, akashika jembe. Walifyeka pori, wakapanda migomba, wakakata barabara na kuzipamba kwa miti kandokando. Makazi hayo yakakua, yakapata soko na wafanyabiashara, hata mwaka 1904 serikali yenyewe ikaihama Budaka na kumfuata huko. Mahali hapo ni Mbale, ambao leo ni mji mkubwa wa mashariki mwa Uganda.

Tangu mwaka 1906 hadi 1913 alikuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga, mjini Jinja. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini si ufalme aliouota, tena juu ya watu waliomwona mgeni. Aliporudi Mbale moyo wake ulikuwa umejaa uchungu dhidi ya Waingereza. Alijiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali, na jambo hilo likamkosanisha zaidi na serikali. Kuhusu dawa alikosea: kiongozi hana haki ya kuwaongoza watu wake mbali na tiba kwa sababu amekosana na wakubwa. Lakini katika kuisoma Biblia kwa bidii alifika mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akaanza kushika Sabato na sheria za Musa. Jumuiya aliyoianzisha, inayoitwa Abayudaya, ingali hai karibu na Mbale hadi leo. Kakungulu alifariki mwaka 1928.

Tukipima maisha haya kwa mizani, tunaona jambo la ajabu. Ngome alizozijenga zimekwisha. Cheo cha Kimbugwe alikiacha; ufalme wa Bukedi haukupata kuwapo. Vilivyosalia ni vile alivyovifanya baada ya kushindwa: mji wa Mbale, barabara, na jumuiya iliyofungwa pamoja kwa imani. Alichokitwaa kwa nguvu kilitwaliwa naye akiwa hai, bali alichokipanda kilibaki.

Ndugu askari, wewe uliyepitwa na mwenzako katika kupandishwa cheo, wewe uliyehamishiwa kituo cha mbali bila kujua sababu, na wewe unayekaribia kustaafu, mfikirie mtu huyu. Cheo ni amana. Anayekupa anaweza kukichukua kesho, wala hana haja ya kukueleza. Ukiifunga thamani yako yote katika nyota za begani, siku zitakapovuliwa utabaki uchi. Lakini ujuzi ulionao kichwani, nidhamu uliyoizoea, shamba ulilolima siku za likizo, watoto uliowasomesha, na jina jema uliloliacha kwa wananchi wa kila kituo, hayo hakuna amri ya ofisini iwezayo kuyafuta.

Barabara kuu itokayo Malaba kwenda Jinja hupita Busitema. Hapo kuna chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye matawi Mbale na Pallisa, katika nchi ambazo Kakungulu aliziingia akiwa na bunduki. Leo vijana wa makabila aliyoyapiga vita, na vijana wa Buganda alikotoka, husoma humo pamoja kilimo, uhandisi na uganga. Askari apitaye hapo akiwa kazini atazame vema. Nchi ile ilitekwa kwa miaka michache tu; kuijenga ni kazi ya vizazi, nayo haijaisha.