Kupchan na Fundi Aliyejificha Mizizini

Ukitoka Karatu mjini kupanda geti la Lodoare, unapokelewa na msitu. Huko Ngorongoro Wamasai huchemsha magome ya olkiloriti kwenye supu ya nyama, na wamefanya hivyo tangu zamani bila maabara. Mwanakemia naye ana maswali yake: humo ndani mna nini hasa, na nani amekitengeneza? Swali la kwanza ndilo alilolihangaikia S. Morris Kupchan, jina kubwa kwa wanaosoma kemia ya mimea.

Alizaliwa New York mwaka 1922. Alifundisha Wisconsin, kisha Virginia kuanzia 1969. Kazi yake ilitaka subira: kukamua mmea, kuyagawa maji yake mafungu mafungu, kujaribu kila fungu kwenye seli za saratani, na kubaki na lile linaloziua. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatangaza maitansini, kutoka mmea wa Maytenus wa Ethiopia. Ilikuwa kali ajabu, ila kilo nzima ya mmea haikutoa hata miligramu moja.

Sasa ya kujaribia itoke wapi? Mwaka 1976 mradi wa Taasisi ya Saratani ya Marekani ulivuna zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii huko Shimba Hills, Kenya. Inaelezwa kuwa miti yote iliyokomaa ilikwisha. Mwaka huohuo Kupchan akafariki, umri miaka 54. Baadaye majaribio kwa wagonjwa yakakwama, maana sumu ilizidi.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1977 Wajapani walipata ndugu wa maitansini kwenye bakteria. Mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa ya saratani ya matiti yenye jamaa yake aliyefungwa kwenye kingamwili. Mwaka 2014 watafiti wakaeleza kwamba kwenye mizizi ya Putterlickia, mmea wa ukoo huohuo, wanaoitengeneza ni bakteria waishio humo. Kumbe mti ni nyumba tu, fundi ni mpangaji!

Kuvu nao hupanga hivyohivyo ndani ya majani na magome bila mti kuugua, na baadhi yao hutoa kemikali zinazoua vijidudu. Kwa hiyo wewe unayekwenda fildi Ngorongoro, panga liache. Jani moja na kipande cha gome vinatosha kuotesha kuvu maabara. Kupchan hakuwahi kulijua hilo. Sisi tunalijua, hatuna kisingizio.